Zamu ya Jumatano

Jumatano ile ngazi za Jengo hazikuoshwa. Ndivyo walivyojua kwamba mdogo wangu hayupo.

Mimi sikuwapo. Ya asubuhi hiyo niliyapata kwa mwanamke anayeitwa Mama Ndoo, naye aliniambia huku akinitukana, kwa hiyo hapa nimeyachuja. Anasema alitoka chumbani kwake saa kumi na mbili na nusu kwenda kuchota maji, akakuta ngazi kavu, vumbi la jana bado lina nyayo za watu. Kila Jumatano kwa miaka miwili na miezi minne, saa hiyo ngazi zilikuwa zimeshalowa. Akaenda kugonga chumba namba nane akiwa na tusi lake tayari mdomoni.

"We Bawaba, umeoa? Amka uoshe, watu wasivunjike miguu kwenye uchafu wako."

Hakujibiwa. Akagonga tena kwa kisigino cha kandambili. Halafu akamwita mlinzi mwenye ufunguo wa akiba.

Mdogo wangu alikuwa kitandani, amejifunika shuka hadi kifuani, amegeukia ukuta. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa, soksi ndani. Habari ya viatu Mama Ndoo aliirudia mara tatu, na mara zote tatu nilidhani ananipotezea muda.

Mimi nilipigiwa simu siku ya pili yake, nikiwa kazini. Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye nyumba ya kufulia nguo; napiga mashuka ya hoteli, mia na zaidi kwa siku. Nilibana simu kwa bega ili mikono iendelee.

"Samahani," ikasema sauti ya msichana, "naongea na Dada?"

"Dada wa nani?"

"Hilo ndilo sijui, mama. Namba yako imeandikwa kwa penseli ndani ya mlango wa kabati. Imeandikwa Dada, basi."

Nikaweka pasi chini. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye angeandika namba ya simu kwenye mbao badala ya karatasi.

Mdogo wangu alikuwa seremala. Mama alinikabidhi yeye akiwa mchanga, nami nikiwa na miaka saba, nikambeba mgongoni mpaka wenzangu wakaniita kibiongo. Alipokuwa mtu mzima akafungua karakana, ikaungua pamoja na vyombo vyote na vitanda sita vya watu. Mkewe akarudi kwao. Yeye akaja kwetu na begi moja, akakaa chumba cha nyuma mwaka mzima, akinywa. Mara mbili aliunguza godoro kwa sigara. Mara ya pili mume wangu alilitoa begi nje ya geti, na mimi ndiye niliyefunga kufuli. Watu wakiuliza huwa nasema mume wangu alimfukuza. Kufuli nilifunga mimi.

Akalala nje miaka tisa. Mingi aliilala kwenye baraza la duka la mabati, njia ninayopita kwenda kazini. Nasema ninayopita, lakini nilikuwa navuka barabara nikifika kwenye kona, naendelea upande wa pili mpaka duka liishe. Mara mojamoja alikuja getini. Kulikuwa na sahani ya plastiki ya bluu tuliyoiweka bombani, haiingii ndani. Watoto waliiita sahani ya nje. Nilimpakulia humo, akala amechuchumaa ukutani, akaisuuza mwenyewe, akaondoka.

Nilipomwambia mume wangu kwamba amekufa, alisema, "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Kisha akaenda kubadilisha shati ili anisindikize. Ndivyo alivyo.

Nilitaka kitu kimoja tu: kumzika kando ya mama. Nafasi ipo, niliiacha mwenyewe kaburi la mama lilipochimbwa, nikidhani itakuwa yangu. Tukaanzia mochwari. Karani akafungua daftari, akasoma, akalifunga.

"Maiti hii ina mtu wake. Anasaini yeye."

"Mtu wake ni mimi. Mimi ni dada yake, tumbo moja."

"Sina mashine ya kupima matumbo, mama. Nina karatasi. Nendeni kwenye Jengo alikokuwa anakaa."

Jengo zamani lilikuwa bweni la wauguzi. Lina ghorofa tatu, vyumba ishirini na nne, na kuta zilizopakwa rangi ya njano ambayo haikutosha kufika juu. Yule msichana wa simu alitupokea kwenye ofisi ndogo chini ya ngazi. Anaitwa mshauri, ingawa umri wake ni wa kushauriwa. Huja Jumatatu na Alhamisi, muuguzi huja Ijumaa, mlinzi yupo siku zote. Alitueleza kwamba wanaokaa pale wote wamelala nje miaka mingi. Mtu akiletwa hupewa chumba na ufunguo wake siku ileile, halafu ndipo mambo mengine yanaanza, dawa, vitambulisho, kazi, kila mmoja kwa mwendo wake. Na hakuna tarehe ya kuondoka.

"Yaani mlevi mnampa ufunguo," alisema mume wangu.

"Tunampa."

"Kabla hajaacha pombe."

"Kabla."

"Mnafuga."

"Mzee," alisema yule msichana, naye hakuinua sauti, "umeshawahi kujaribu kuacha kitu chochote huku unalala barazani?"

Mume wangu akatazama dari. Msichana akatoa fomu kwenye jalada, akanigeuzia. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wangu, herufi kubwa zilizosimama wima kama vipimo vya mbao. Palipoandikwa *Mtu wa karibu wa kuitwa*, alikuwa amejaza: CHUMBA NAMBA SABA.

"Chumba namba saba si mtu," nikasema.

"Ni mtu. Yuko kwenye ngazi anawasubiri." Akalifunga jalada. "Niwaambie mapema, hana furaha."

Alikuwa ameketi kidato cha tatu, mwanamke wa miaka kama sitini, mfupi, mikono minene ya mtu aliyefua maisha yake yote. Baadaye niliambiwa kwamba aliosha magari ya watu barabarani miaka kumi na mbili na kulala ndani ya kibanda cha tiketi kilichofungwa. Ndiye huyo Mama Ndoo, na kando yake palikuwa na ndoo mbili, brashi na tambara. Hakusimama.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Iweke hapo chini. Nitaiokota baadaye."

Mume wangu alikuwa anamkodolea macho kifuani. Nami nikaangalia. Alivaa shati la mistari, na kola yake niliigeuza mwenyewe kwa sindano ilipochakaa.

"Hilo shati ni langu," mume wangu akasema.

"Lilikuwa lako. Ukalitia kwenye mfuko, dada mtu akampa mtu aliyekuja kuwaalika." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ndiye wewe, Dada Mkubwa?"

"Kutualika wapi?"

"Ona sasa. Hata hakujua."

"Mama, sikuja kugombana. Nimekuja kuomba saini nikamzike ndugu yangu."

"Ndugu." Akacheka puani. "Undugu ni kufaana. Wewe ulimfaa nini, sahani ya bluu? Alituhadithia ile sahani mpaka tukaijua mkwaruzo kwa mkwaruzo. Na wala hakuhadithia kwa ubaya, alikuwa anakusifia. Dada yangu hanikosi, alisema. Nikamwambia, Bawaba, wewe ni mjinga wa cheti."

Nilimuuliza kwa nini anamwita Bawaba.

"Unataka nimwiteje? Ndilo jina lake."

"Ana jina alilopewa na baba yake."

"Basi baba yake aje asaini."

Mume wangu akasema twende tukatafute wakili. Mama Ndoo akasema wakili akija avae viatu vya kuchafuka. Yule mshauri alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, na jalada amelikumbatia. Nilimuuliza kama hawezi kumwamuru. Akasema hapana, saini ya mtu ni ya mtu.

"Unataka nini?" nikamuuliza Mama Ndoo.

"Nataka ngazi zilowe."

Sikumwelewa, akanieleza, na alieleza kwa hasira kama mwalimu wa jioni. Pale Jengo kila mkaaji ana zamu yake, wengine choo, wengine uwanja, wengine ngazi. Zamu hiyo hawakuwekewa na mshauri, waliiweka wenyewe. Sheria yake ni moja, kwamba zamu ya mtu haishikwi na mwingine. Mtu akitoroka akarudi mtaani, zamu yake inabaki vilevile. Kama ni choo, kinanuka. Wanaziba pua, wanapita. Siku mwenzake anaposhika brashi yake, maana yake wamemfuta. Kuna mmoja alitoroka wiki tatu, watu wakakanyaga taka za uwanja wiki tatu, mpaka mtu akamfuata chini ya daraja akamwambia, njoo, uwanja wako unatuua. Akaja. Yuko hadi leo.

"Sasa huyu hatarudi," akasema. "Na ngazi ni zake. Mimi nikiziosha nimemfuta. Mshauri akiziosha amemfuta. Wewe unasema ni damu yako. Damu haifuti, inashika. Ndoo hiyo hapo."

"Mke wangu hadeki ngazi za wahuni," mume wangu akasema.

"Mkeo anapiga pasi mashuka wanayolalia watu wasiojulikana. Ndugu yake alituambia. Au hao si wahuni kwa sababu wana masanduku?"

Mume wangu akanishika mkono. Nikautoa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anatoka na kwamba nikimaliza kujidhalilisha nitamkuta nyumbani, akatoka. Nilisikia hatua zake kwenye kokoto mpaka getini.

Nilivua saa, nikakunja mikono ya gauni, nikatia tambara ndani ya maji, nikainama kwenye kidato cha kwanza.

"Haya," akasema Mama Ndoo, "tazameni mtu aliyesoma."

Milango ilikuwa imefunguka juu. Nikainua kichwa.

"Unaanzia chini," akasema. "Ukifika juu utashukia wapi, dirishani? Na maji machafu ya juu yatakwenda wapi, yatapaa? Bawaba alianzia juu. Mtoto wa miaka sita anaanzia juu."

Nikabeba ndoo hadi ghorofa ya tatu. Vidato ni arobaini na viwili. Nilianza upya, kwa brashi kwanza, kisha tambara, kisha tambara kavu, na Mama Ndoo akanifuata, akiketi kidato kimoja chini yangu kila nilipoteremka, kama mwamuzi.

Nilikuwa nimefika cha tisa mzee mmoja alipotoka chumbani na mabuti yenye udongo, akashuka katikati ya sehemu iliyolowa. Baada ya dakika akapanda.

"Samahani, dada. Nimesahau miwani."

Nikafuta nyayo zake. Akashuka tena.

"Nimekumbuka," akasema. "Sina miwani."

Watu wakacheka kwenye korido. Nami nikafuta. Alipita mara nne. Mara ya nne alivua mabuti, akayashika mkononi, akapita pembeni.

Mama Ndoo hakunyamaza wakati wote ule. Sidhani kama alinihadithia ili nifarijike, nadhani alitaka nijue nilichokosa. Alisema siku mdogo wangu alipoletwa alipewa kitanda, godoro jipya, shuka mbili, na miezi minne hakukilalia. Alilala sakafuni nyuma ya mlango, mgongo umeubana ili asiingie mtu, viatu miguuni. Barazani ukivua viatu huamki navyo. Mshauri alikuja Jumatatu na Alhamisi akaketi naye hapo sakafuni. Hakumwambia apande kitandani. Alimuuliza ameamkaje na amekula nini. Muuguzi akamsikiliza mapafu, akasema vumbi na baridi vimeyala, akampa dawa, naye akazitupa. Wiki iliyofuata akampa nyingine.

"Pombe alikunywa?" nikauliza.

"Alikunywa, ndiyo. Halafu akanywa kidogo. Mwaka jana alikunywa mara moja, akalala hapa hapa kwenye ngazi kwa aibu ya kupita mlango wangu. Asubuhi ilikuwa Jumatano. Akaosha, kichwa kinamgonga, anatapika kwenye ndoo moja na kuoshea nyingine."

"Na jina?"

"Mlango wangu ulikuwa unalia. Ukitaka kwenda chooni, jengo zima linajua. Mwezi wake wa tatu akanigongea, hajawahi kusema na mtu, akaniambia, mama, bawaba yako inanikosesha usingizi. Akaing'oa, akainyoosha kwa jiwe, akairudisha. Nikamwambia na ya choo je? Akafanya ya choo. Akafanya milango yote. Mshauri akampatia randa ya zamani, haina makali, akainoa siku mbili. Ndipo shule ikaanza kumletea madawati yaliyovunjika." Akasukuma ndoo kwa mguu ili isinizuie. "Mwezi wake wa tano nikapita, mlango uko wazi, namwona yuko kitandani amelala, viatu viko chini. Nikaita watu. Tulijazana mlangoni kama tunaangalia mtoto anayeanza kusimama. Akaamka akatufukuza kwa matusi ambayo sijawahi kuyasikia, na mimi nimeosha magari ya madereva wa malori."

Ndipo nikaelewa habari ya viatu.

Kutoka ghorofa ya pili reli ya ngazi ilikuwa imeharibika zamani, ikaungwa. Nilikuwa naifuta bila kuiangalia. Vipande vilikuwa vya miti mbalimbali, kimoja chekundu, kimoja cheupe, kingine cheusi kama mguu wa meza ya zamani. Tambara halikunasa popote. Nikarudi nyuma nikapitisha kidole, nikatafuta kiungo kwa ukucha. Nilipofumba macho sikukipata.

"Endelea," akasema Mama Ndoo. "Si mnadani hapa."

"Alikuja kunialika lini?"

Alishuka kidato kimoja, akaketi. "Mwaka jana, Jumapili moja, mvua zilipoanza. Alikuwa amemaliza viti viwili. Akaoga mpaka sabuni ikaisha, akavaa shati la kuazima kwa yule mzee wa mabuti, akatundika ufunguo shingoni kwa kamba. Akasema, namwita Dada aje akae kwangu. Tukampikia na chai, chupa nzima. Akarudi na mfuko wa nguo kuukuu. Tukamwuliza, Dada yuko wapi? Akasema, ana wageni."

Siku hiyo naikumbuka. Hatukuwa na wageni. Nilisikia geti, nikaangalia dirishani, nikamwona, nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Hata salamu sikungoja. Nilimpakulia, nikambebea na mfuko uliokuwa umekaa nyuma ya mlango mwezi mzima. Niliona kwamba ni msafi, nikadhani labda kuna watu wa dini waliomwogesha. Alikula chakula chote. Mkono mmoja alikuwa ameubana kifuani muda wote, juu ya shati, nikamuuliza kama kifua kinamsumbua.

"Hapana, Dada," aliniambia. "Nilikuwa napita tu."

Akasuuza sahani, akachukua mfuko.

Hayo sikumwambia Mama Ndoo. Niliendelea kuosha. Nilipofika kidato cha mwisho ilikuwa saa tisa alasiri na magoti yangu yalikuwa yamechubuka. Alivua kandambili, akapanda hadi juu, akashuka pekupeku, polepole, akipapasa kila kidato kwa wayo.

"Cha kumi na moja kina mchanga."

Nikarudi cha kumi na moja.

Tulipoingia ofisini alichukua kalamu kwa mshauri, akaandika jina lake lote, majina matatu ambayo sitayaweka hapa. Akanisukumia karatasi.

"Ahsante, mama."

"Usinishukuru. Nimesaini ili alale pazuri. Wewe sina habari na wewe."

"Naweza kuona chumba?"

Alimwangalia mshauri, mshauri akatazama jalada lake. Mama Ndoo akatoa ufunguo, bado uko kwenye kamba yake.

Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu. Kabati, dirisha, ndoano ya nguo, randa juu ya gazeti. Kitanda walikuwa wamekitandika upya, na nilijua si yeye aliyetandika, kwa sababu pembe zilikunjwa ovyo. Nikazikunja vizuri, mikono yangu haijui kuacha. Viti vilikuwa viwili, vya mtindo mmoja. Kimoja kilikuwa kimeng'aa kwa kukaliwa. Kingine kilikuwa na vumbi jepesi kwenye kikalio.

"Tulikatazwa kukikalia," Mama Ndoo akasema kutoka mlangoni. "Hata mimi, na mgongo wangu huu. Kaa basi, ni chako."

Nilikaa. Hakikulia wala hakikuyumba. Tulikaa hivyo, mimi kitini na yeye wima mlangoni, mpaka akasema dakika zangu zimekwisha.

Tulimzika Jumamosi, kando ya mama. Watu wa Jengo walikuja kumi na tisa, kwa miguu, mzee wa mabuti akiwa amebeba randa kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. Tuliporudi nyumbani wakakaa nje, upande wa bomba, hakuna aliyewaambia wakae huko. Wifi yangu akatoka na sahani za plastiki, alizikusanya kwa majirani, na juu kabisa ile ya bluu.

"Hizi ndizo za wale," akaniambia.

Nilimpokea zote. Nikaingia ndani nikatoa sahani za kabatini, zile tulizopewa harusini, nikawapakulia wao. Ya bluu nikajipakulia mimi, nikakaa nao ukutani. Wifi yangu alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Unatuaibisha mbele za watu."

"Najua," nikasema.

Mume wangu alinipita mara mbili bila kunitazama. Mama Ndoo alikula mpaka akamaliza, akaigeuza sahani ya harusi akaangalia chini yake, kama mtu anayetaka kununua.

"Chakula chenyewe hakina chumvi," akasema. "Lakini cha Bawaba ulikuwa unakitia, alisema."

Kwao chumba cha marehemu hukaa siku kumi na nne, kisha hupewa mtu anayefuata kwenye orodha. Orodha ni ndefu. Siku ya kumi na tano nilikwenda kuchukua kiti changu, nikakuta kuna mtu sakafuni, nyuma ya mlango, hata mlango haukufunguka zaidi ya shubiri moja. Kupitia hapo niliona buti moja, limefungwa kamba mara tatu. Mama Ndoo alikuwa amehamishia viti vyote viwili chumbani kwake. Hakunipa. Alisema cha kwanza atapewa mtu mpya atakapokuwa anajua kukaa, na cha pili kitabaki pale pale Jengo, nikitaka kukikalia nijue njia.

Mkaaji mpya hapewi zamu mpaka atimize miezi mitatu. Mpaka atakapopewa, Jumatano ngazi naosha mimi kabla ya kwenda kazini. Naanzia juu.